Mmea wa majani meusi: kata jani kwanza, ulipe baadaye

Ukishika barabara yoyote inayotoka jijini Nairobi, mpenzi msomaji, hukosi kuwaona wale vijana na akina mama wauzao miche, wameipanga kando ya mtaro katika vijifuko vyeusi kama wanafunzi gwarideni. Katikati ya kijani kile chote huwa kuna fungu moja linalolivuta jicho likitaka lisitake. Ni vichaka vyenye majani ya rangi ya damu ya mzee, vingine vyekundu kama shaba, vingine vyeusi hasa kama tunda la zambarau lililoiva. Siku hizi ua wa nyumba hauhesabiwi kuwa umekamilika bila kichaka kimoja cha namna hiyo mlangoni.

Maswali yanayonifikia kuhusu vichaka hivi ni matatu. Vinaitwaje? Mbona vikifika nyumbani vinageuka kijani? Na je, vina madhara kwa watoto? Wengi huuliza hilo la tatu mwisho, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo dogo. Mimi nitaanza nalo.

Ukimwuliza mwuzaji jina la mmea, aghalabu atakujibu kuwa ni "maua mekundu ya ua", na hapo mazungumzo yameisha. Simlaumu, kwani hata yeye aliuziwa kipandikizi bila jina. Tatizo ni kwamba chini ya jina hilo moja hukaa mimea mitano au sita isiyo na undugu wa karibu. Mmoja wao majani yake huliwa kama mboga. Mwingine maziwa yake yakikuingia jichoni utalala hospitalini. Yote miwili, ikiwa michanga ndani ya kijifuko, yaweza kumchanganya hata mtu mwenye macho makali.

Huyo wa maziwa ndiye anayeitwa kitaalamu Euphorbia cotinifolia. Asili yake ni Mexico, Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Majani yake ni ya mviringo, laini pembeni, kila moja likining'inia kwenye kikonyo kirefu, na mara nyingi hutoka matatu matatu mahali pamoja kwenye tawi. Ukiuacha bila kuukata unakuwa mti mdogo wa mita 3, 4 au zaidi. Maua yake ni madogo, meupe yaliyofifia, hayana shani yoyote. Watu huupandia majani, na sikatai, jua la jioni likiupiga kwa nyuma hakuna mmea unaong'aa kuushinda.

Lakini kata jani lake. Utomvu mweupe kama maziwa utachuruzika hapo hapo. Maziwa hayo huichoma ngozi ikavimba na kutoa malengelenge, na yakiingia jichoni huwasha kama pilipili kisha hukiunguza kioo cha jicho. Huko kwao Amerika, wenyeji waliutumia utomvu huu kulevya samaki mitoni.

Waliokulia mashambani hawahitaji kuelezwa haya kwa kirefu. Nani alilelewa Kiambu, Murang'a au Nyeri asiijue kariaria, ule mmea wa vijiti vya kijani unaozungushiwa boma? Mtoto wa miaka mitano alikuwa tayari ameonywa na nyanyake kuwa asivunje kariaria karibu na uso wake. Basi mmea huu wa damu ya mzee na kariaria ni ukoo mmoja, Euphorbia wote wawili. Tofauti ni kwamba kariaria ilikuja na maonyo yake, vizazi na vizazi, ilhali huyu mgeni ameingia mjini amevaa nguo nzuri, hana jina wala nyanya wa kumsema. Mtoto wa mtaani anavunja tawi apate upanga wa kuchezea, kisha anajipangusa jasho usoni kwa mkono ule ule.

Kwa hivyo, kabla hujatoa pesa mfukoni, mwombe mwuzaji akuruhusu ukate jani moja. Tumia kisu au makasi, usivunje kwa vidole. Ukiona maziwa, na nyumbani kuna watoto wadogo, mrudishie mche wake kwa shukrani utafute mwingine. Kama hakuna watoto na umeupenda, basi uupande mbali na njia, na siku ya kuukata vaa glavu na miwani, umalize kwa kunawa mikono kwa sabuni. Matawi yaliyokatwa yasichomwe moto karibu na nyumba, maana hata moshi wake huwasha macho.

Ikitokea mtu ameingiwa na maziwa hayo jichoni, asisugue. Mwoshe jicho kwa maji safi mengi yanayotiririka, dakika 15 kwa uchache, kisha mkimbize hospitalini mkiwa na tawi la mmea wenyewe ndani ya mfuko ili daktari ajue anapambana na nini. Usimtie dawa ya macho iliyobaki kabatini tangu mwaka juzi.

Jaribio hili la jani, hata hivyo, lina mwanya wake. Kuna mmea wa pili wa kuhofiwa ambao hautoi maziwa, nao ni mbarika, au mbono kama wengine wanavyouita. Unaujua ule wa kijani unaoota kwenye majaa na kando ya reli. Ipo aina yake yenye majani mekundu makubwa kama kiganja kilichotandazwa, na matunda yenye miiba laini mekundu ya kupendeza. Si mgeni hata kidogo, maana asili yake inasemwa kuwa ni upande huu huu wa Afrika ya kaskazini mashariki, na wazee wa Kikuyu walijipaka mafuta ya mbariki tangu kale. Mafuta yaliyokamuliwa vizuri hayana neno. Sumu hubaki kwenye mbegu, nayo huitwa risini.

Sumu hiyo si mchezo. Mwaka wa 1978, mwandishi wa Bulgaria aliyekuwa akiishi uhamishoni London, Georgi Markov, alifariki dunia siku chache baada ya kudungwa mguuni kijirisasi chenye ukubwa wa kichwa cha pini, na wachunguzi waliamini kuwa ndani yake mlikuwa na risini. Sasa fikiria mbegu ya mbarika: nene, inayong'aa, yenye madoadoa kama shanga. Mtoto gani hataitia kinywani? Mbegu iliyotafunwa ndiyo ya hatari zaidi, na dalili zaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, kwa hivyo mzazi asingojee mtoto atapike ndipo atafute gari. Nijuavyo mimi, nyumba yenye watoto haina haja ya mbarika mwekundu. Kama umeshaupanda, ukate mashada ya maua kabla hayajafunga mbegu.

Nimekutisha vya kutosha. Tuje kwenye vichaka unavyoweza kuvipanda ukalala usingizi wako.

Cha kwanza, na ndicho ningekishauri kwa anayeanza, ni akalifa, Acalypha wilkesiana. Kilitoka visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na jina lake la pili ni ukumbusho wa Charles Wilkes, baharia Mmarekani aliyeongoza msafara wa uchunguzi huko katika karne ya 19. Majani yake ni mapana, yenye meno meno pembeni, na rangi zake huchanganyika, shaba na waridi na damu ya mzee, hata katika jani moja. Maua hutoka kama mikia myembamba mekundu. Hutaliona ua lake kwa mbali, lakini usoni pa jani lile la shaba linapendeza. Hakina maziwa wala miiba, na kinakatika vizuri ukitaka ua ulionyooka. Kinavumilia mambo mengi isipokuwa baridi kali, kwa hivyo walio Limuru na Nyahururu wakiweke karibu na ukuta unaopata jua.

Cha pili ni haibiskasi ya majani mekundu, Hibiscus acetosella. Huyu ni Mwafrika mwenzetu, wa pande za kusini mwa Kongo, Angola na Zambia. Jani lake hukatika kama mkono wenye vidole vitatu au vitano, na rangi yake ni damu ya mzee safi bila doa. Maua ni ya waridi lililokolea, yenye jicho jeusi katikati, nayo hufunguka asubuhi yakafumba mchana. Mwenye kutoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku atayaona Jumapili tu. Kina mambo mawili yanayonipendeza. Moja, chozi, yule ndege mdogo wa mdomo mrefu, hukipenda. Pili, majani yake machanga huliwa. Yana ukali wa ndimu. Huko Kongo majani chachu ya haibiskasi za namna hii hupikwa na samaki na kuitwa ngai-ngai (msomaji wa Kiambu asishtuke, si neno lile alijualo). Ubaya wake ni kwamba matawi yake ni dhaifu, upepo mmoja wa Agosti unaweza kuyavunja, na baada ya miaka miwili au mitatu mmea huzeeka ukabaki miguu mitupu. Basi kila mwaka toa vipandikizi upande upya. Vinaota hata ndani ya glasi ya maji dirishani.

Cha tatu ni Dodonaea ya majani ya zambarau. Ile ya kijani ni ya kwetu, huota yenyewe kwenye vilima vikavu, na wachunga mbuzi wanaijua. Hii ya zambarau ilitoka New Zealand. Jani lake ni jembamba na refu, na maua hayaonekani kabisa, ila matunda yake yana mabawa mekundu kama karatasi ya kufungia zawadi. Kwa wakazi wa Athi River, Machakos na kwingineko ambako mfereji hutoa hewa badala ya maji, hiki ndicho chenu. Kikishika mizizi hakikulazimishi kukinywesha kila siku. Nunua kilichotokana na kipandikizi, kwani mbegu huzaa mchanganyiko, mingine zambarau, mingine kijani.

Na kwa jamaa zetu wa Mombasa na Malindi, kuna Pseuderanthemum, yenye majani meusi ya kung'aa na maua meupe yenye madoa ya zambarau. Hupenda joto la pwani, na huridhika na kivuli cha nusu siku.

Sasa lile swali la rangi kupotea. Wanafunzi, hapa patawafaa. Jani jeusi lina kijani ndani yake sawa na jani lolote, maana bila klorofili mmea haupiki chakula. Ila juu ya kijani hicho jani limejivika rangi nyingine, iitwayo anthosayanini, ambayo kazi yake mojawapo ni kulikinga jani lisiunguzwe na mwanga mkali. Mnaweza kulithibitisha jikoni. Chukueni majani ya akalifa au ya haibiskasi nyekundu, yaliyojaribiwa kwa makasi yasionyeshe maziwa, myachemshe kwa dakika chache. Rangi nyekundu itayeyuka majini na jani litabaki kijani, kwa kuwa klorofili haiyeyuki kwenye maji. Gawanyeni maji hayo katika vikombe viwili, kimoja mkamulie ndimu, kingine mtie kijiko cha magadi, mwone wenyewe yanavyogeuka. Msijaribu hivyo kwa terere nyekundu mkitarajia jibu lile lile, kwani wekundu wa terere ni kemikali tofauti kabisa.

Kutokana na hayo utaona ni kwa nini mche uliokuwa mweusi barabarani umekuwa kijani nyumbani. Kule ulisimama juani tangu asubuhi hadi jioni, na wewe umeupeleka chini ya mwembe au kwenye kona ya veranda. Mmea usiochomwa na jua hauna sababu ya kuvaa kofia. Ukitaka rangi, upe jua la saa 6 kwa siku kwa uchache. Sababu ya pili ni mbolea. Mbolea zenye naitrojeni nyingi, kama CAN na yurea, husukuma majani mapya ya kijani kwa wingi na wekundu unafifia. Ndoo ya samadi iliyooza vizuri mara mbili kwa mwaka, mvua zinapoanza, inatosha.

Kuhusu jua lipo jambo ambalo wenye nyumba mjini hawalifikirii. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo jua haliko upande mmoja mwaka mzima. Mwezi wa Juni huwa kaskazini yetu, mwezi wa Desemba huwa kusini. Nyumba yenye kimo cha mita 10 hutupa kivuli cha karibu mita 4 na nusu upande wake wa kusini saa sita mchana mwezi wa Juni. Sasa ongeza mawingu ya Julai, yale yanayofunika Nairobi wiki nzima. Kichaka kilichobanwa ukutani upande wa kusini kitakuwa kijani na kuudhika hadi Septemba. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, kipande upande wa magharibi, ili jua la saa kumi na moja jioni lipenye majani kwa nyuma ukiwa umeketi na chai yako.

Tena angalia kilicho nyuma yake. Ukuta wa mawe ya kijivu pamoja na geti jeusi la chuma huumeza mmea wa majani meusi. Mpita njia ataona shimo la giza tu. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe, au ua la rangi ya manjano mbele yake, hulifufua jani. Na usipande vyeusi vitupu. Kimoja au viwili kati ya vya kijani vinatosha, la sivyo ua wako utafanana na nyumba ya matanga.

Kupanda kwenyewe si kazi kubwa ikiwa udongo wako ni ule mwekundu wa upande wa Kiambu na Westlands. Chimba shimo la sentimita 45 kwa 45, changanya udongo wa juu na samadi, panda, mwagilia. Walio kwenye udongo mweusi wa Embakasi, Syokimau na Kitengela wana kazi zaidi. Udongo ule hupasuka kiangazi na kushika maji kama sufuria masika, na mizizi ikikaa majini wiki mbili imekwisha. Msichimbe shimo refu, bali inueni tuta la sentimita 30 la udongo mwekundu na samadi, mpande juu yake. Mpangaji asiye na ardhi achukue mkebe wa rangi wa lita 20, autoboe chini mashimo matano, atie kokoto kidogo kisha udongo. Akalifa itakaa humo kwa miaka, na mwenye ploti akipandisha kodi unahama nayo.

Maji ya kusuuzia nguo yanafaa, ya mwisho mwisho, si yale ya kwanza yenye sabuni nzito. Wakitokea wadudu weupe kama pamba kwenye vikonyo, vijiko viwili vya sabuni ya maji katika lita tano vinatosha. Nyunyiza jioni, rudia baada ya wiki.

Na kama pesa ni haba, si lazima ununue. Wakati wa mvua za Aprili au Novemba, mwombe jirani mwenye akalifa akukatie vijiti vya sentimita 15, vyenye unene wa kalamu, si vile laini vya nchani. Ondoa majani ya chini, yaliyobaki yapunguze nusu kwa makasi yasinyonye maji mengi. Vitie kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, kivulini, uhakikishe havikauki. Baada ya wiki 4 hadi 6 kivute kimoja polepole. Kikikataa kutoka, kimeota. Kitoe kivulini kidogo kidogo, siku kumi hivi, kabla ya kukisimamisha juani, kwa sababu majani yaliyoota kivulini ni ya kijani na yataungua. Yale yatakayochipuka juani ndiyo yatakayokuja na rangi.